Binti yangu wa miaka 9 anatakiwa kuwekewa stenti kwenye mshipa mkuu wa damu. Mliopitia njia hii naombeni ukweli

MKULIMA WA KILOMBERO

Wakuu habari za jioni.

Niende moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka sitamaliza. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Toka yuko chekechea analalamika miguu. Wenzake wanacheza rede mpaka giza linaingia, yeye dakika kumi tu keshakaa pembeni anajikanda vigimbi. Mama yake alikuwa akimchua kwa mafuta ya nazi. Bibi yake akasema mwacheni, anavuta urefu huyo. Mwaka jana kikaongezeka kichwa kuuma na damu za pua. Damu za pua tukaambiwa joto, kichwa tukaambiwa taifodi. Kuna hospitali moja, sitaitaja, wamemtibu taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja na hakuna siku waliyompima presha. Na mimi siwalaumu sana, hata sikujua kama mtoto huwa anapimwa presha.

Mwezi wa pili nikampeleka kituo cha afya kung'oa jino. Tabibu mwenyewe kijana mdogo, kabla ya kuchoma ganzi akampima presha: 158 kwa 94. Akabadilisha mkanda, akarudia, vilevile. Akamlaza, akaweka vidole viwili kinenani upande wa kulia, akatulia kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbovu. Akahamia kushoto. Akaniita: "Mzee, jishike hapa wewe mwenyewe kwanza." Nikajishika, mpigo unagonga. "Haya, sasa mshike mtoto." Nikashika, hamna kitu. Nikasogeza kidole, nikabonyeza zaidi, kwa mbali kama kuna kitu kinatambaa chini ya ngozi. Presha ya mguuni ikaja 96.

Jino hakung'oa. Akaandika rufaa.

Dar wamempiga eko, ile picha ya moyo, na siti skani. Daktari akageuza karatasi ya faili akachora bakora. Akasema huu mpini ndio aota inavyotoka kwenye moyo na kupinda, huku juu ndiko inakotoka mishipa ya kichwa na mikono, na hapa mpini unapoanza kushuka ndipo pamebana. Akauminya ule mchoro mpaka ukawa kiuno cha nyigu. Damu ya juu inagonga kwa nguvu, ya miguuni inafika kwa kuchuruzika.

Wanataka kumwekea stenti, kibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa uwe wazi, kupitia kinenani, kifua hakifunguliwi. Sijasaini, nina wiki mbili za kufikiri. Kinachoninyima usingizi ni hiki: mtoto anakua, chuma hakikui. Akifika miaka 18 na bomba la mtoto wa miaka 9 itakuwaje? Na kama kukata na kuunga kunawezekana, kwa nini wasikate yakaisha?

KIJANA WA UBUNGO

Pole sana mkuu. Ila mimi stenti nazijua ni za wazee waliokula kitimoto na kushushia bia miaka 40. Mtoto wa miaka 9 mafuta ya kuziba mishipa kayatoa wapi? Tafuta daktari wa pili kabla hujasaini.

CHAI YA RANGI

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye fani yao.

NESI WA ZAMU

Nimekuja. Nafanya kazi kwenye chumba cha aina hiyo hiyo anakopelekwa mwanao. Naandika ninachokiona kazini. Mwenye picha za mtoto ni daktari wako, yeye ndiye wa kumsikiliza.

Kijana wa Ubungo, umechanganya mambo mawili. Stenti ya mzee inakaa kwenye mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe, milimita tatu hivi, iliyozibwa na mafuta, na nyingi huwa zimepakwa dawa. Mshipa wa huyu binti haujazibwa na chochote. Amezaliwa ukuta wake umejikunja kwa ndani, jirani kabisa na pale kilipokuwa kile kimfereji anachotumia mtoto akiwa tumboni, kinachojifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Si mafuta, si chakula, wala si kosa la mama yake. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa na hitilafu ya moyo, hawa wa aota kubana huwa kati ya watano na wanane. Kwa hiyo si ajabu ya dunia. Linaloniuma ni kwamba ugonjwa unaogundulika kwa vidole viwili unapita mbele ya macho ya watu wazima miaka tisa.

Sasa hiyo hofu yako ya chuma, baba. Daktari anatoboa kinenani na kupandisha waya mwembamba mpaka juu ya mbano. Anapima presha juu na chini ya mbano, anapiga dawa ya picha, anapima upana wa mshipa kwa milimita. Hapo ndipo anapochagua stenti. Inayotumika sana kwa watoto wa umri huo ni nyaya za platinamu na iridiamu zilizopindwa zigizaga na kuunganishwa, na kwenye maungio zimepakwa dhahabu. Inakuja ikiwa wazi, kibomba chepesi cha wavu. Daktari anaivisha juu ya puto lililonywea kisha anaiminya kwa vidole vyake, taratibu, huku akiizungusha, mpaka ishike. Hapo chumba kizima huwa kimya. Ikilegea ikachomoka kwenye puto ikiwa ndani ya aota, siku hiyo tunakula chakula cha mchana saa kumi na moja jioni.

Puto lenyewe ni mawili, moja ndani ya jingine. Linajazwa la ndani kwanza, stenti inafunguka nusu. Daktari anatazama imekaa wapi, akiwa na shaka anaisogeza. Akiridhika anajaza la nje. Wakati mwingine moyo unaharakishwa kwa umeme kwa sekunde chache ili msukumo wa damu upungue, usije ukalisukuma puto.

Na hapewi stenti ya miaka 9. Anapewa inayoweza kufunguka mpaka upana wa mtu mzima, milimita 18 au 20 huko, halafu leo inafunguliwa kiasi ambacho mshipa wake mzima unaruhusu, tuseme 12 au 13. Akivunja ungo na kurefuka anarudi, linapitishwa puto kubwa zaidi, stenti ile ile inapanuliwa ikiwa humo humo. Ikipanuka inafupika kidogo, kama wavu ukiuvuta kwa mapana, na hilo wameshalipigia hesabu.

Mwanao ana kilo ngapi?

MKULIMA WA KILOMBERO

Kilo 27, dada. Juu amejaa kuliko miguuni. Nilikuwa nadhani amechukua kwa shangazi zake.

Nimesoma mara mbili na nimemsomea mama yake. Kwa nini umeuliza kilo?

NESI WA ZAMU

Kwa sababu ya mrija. Stenti ya aina hiyo inahitaji mrija mnene wa kuipitishia, na mshipa wa kinena wa mtoto mdogo ukilazimishwa mrija mnene unaweza kuharibika au kuziba. Madaktari wengi hupenda mtoto awe amefika kilo 20 au 25. Huyo wa 27 yuko mahali pake.

FUNDI PLASTA

Kumbe mtoto atakuwa anatembea na dhahabu kifuani! Mkulima, hizo habari zibaki humu humu. Siku ya mahari ndiyo uzitoe, na risiti juu.

NESI WA ZAMU

Fundi, umecheka lakini kuna yenye kukuhusu. Aliyebuni mojawapo ya stenti za mwanzo, Julio Palmaz, daktari mzaliwa wa Argentina, mwaka 1978 alimsikia daktari mwenzake, Andreas Gruentzig, akieleza namna ya kupanua mishipa kwa puto. Akaanza kuwaza: ukilitoa puto, nini kitauzuia mshipa usijifunge tena? Jibu aliliona kwenye gereji yake, kipande cha wavu wa chuma wanaotandika mafundi kabla ya plasta kiliachwa pale. Bati lenye mikato, ukilivuta mikato inafunguka kuwa matundu na linabaki hivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Charles Mullins na wenzake kule Texas wakaanza kuzijaribu kwa ajili ya mishipa ya watoto waliozaliwa na hitilafu za moyo.

FUNDI PLASTA

Ule wavu? Ule tunaokata vipande tunatupa nyuma ya saiti? Nimekaa chini.

DAKTARI WA BWENI

Nasomea ubingwa, bado sijamaliza, kwa hiyo mtaniwia radhi. Najibu lile swali la kukata.

Kukata ndiko kulikotangulia. Oktoba 1944 Clarence Crafoord wa Stockholm alimkata mvulana wa miaka 12 kipande kilichobana, akaziunga ncha mbili. Mwaka uliofuata Robert Gross wa Boston naye akafanya. Mpaka leo kwa kichanga wa wiki chache upasuaji ndio chaguo la kwanza karibu kila mahali, na ni upasuaji mzuri. Shida yake mbano unaweza kurudi penye kovu.

Puto peke yake, bila stenti, lilianza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1982. Ieleweke tu kwamba puto linapanua kwa kuchana kidogo tabaka za ndani za mshipa. Baadhi mshipa unajirudi kama mpira, na wengine penye mchano panafura na kufanya kifuko. Stenti inaushikilia ukuta uliopanuliwa usirudi, na puto halilazimiki kuvuka kipimo. Ndiyo maana kwa mtoto aliyekwishakua na kwa mtu mzima, penye vifaa na mikono, wengi sasa wanaanza na stenti. Ile ya platinamu Marekani waliidhinisha kwa kazi hii mwaka 2016, wakati Ulaya walikuwa nayo miaka mingi kabla.

Kuna pia iliyovishwa utando mwembamba kwa nje. Hiyo ni kwa mshipa uliobana mno au unaotiliwa shaka ya kupasuka. Muulize daktari wako kama wanayo mezani siku hiyo, hata kama hawana mpango wa kuitumia. Na muulize kama damu na timu ya upasuaji viko tayari. Mshipa kupasuka hutokea mara chache, lakini ukipasuka hakuna muda wa kupigiana simu.

Jingine: karibu nusu ya wenye tatizo hili vali yao ya aota, ule mlango wa damu inapotoka kwenye moyo, ina vipande viwili badala ya vitatu, kwa hiyo eko yake isomwe na hilo. Na kwa sababu ni wa kike, uliza kama wamefikiria hali ya Turner, ile kasoro ya kromosomu inayowapata wasichana. Mara nyingi jibu ni hapana, ila swali liulizwe.

MAMA WAWILI

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nimepita njia zote mbili kwa mtoto mmoja.

Wangu alizaliwa mzima, analia vizuri, tukaruhusiwa siku ya pili. Wiki ya pili akaanza kuachia ziwa. Ananyonya mara tatu anahema, jasho kichwani. Nilimpeleka mahali nikaambiwa ana mafua, nirudi nyumbani. Niliporudi naye siku iliyofuata miguu ilikuwa baridi na rangi ya majivu. Mungu ampe maisha marefu yule daktari wa zamu ya usiku, alimwekea dripu ya dawa ya kukifungua tena kile kimfereji anachosema Nesi, ndiyo iliyomweka hai mpaka akafanyiwa upasuaji. Kovu lake linaanzia nyuma chini ya bega la kushoto, linakuja ubavuni.

Alipofika miaka 7 presha ikapanda tena. Pale pale palipoungwa pamekaza. Safari hiyo wakaweka stenti. Baba wa mtoto, nisikudanganye, tofauti ni mbingu na ardhi. Mara ya kwanza nilikaa wodini wiki tatu. Mara ya pili siku ya tatu tuko kwenye daladala.

Ila jambo moja hakuna aliyeniandaa nalo: presha haikushuka siku ile, usiku ule ilipanda. Nikajua kazi imeharibika, nikalia mpaka mama wa kitanda cha jirani akaamka. Asubuhi ndiyo naambiwa ni kawaida, mwili umezoea presha kubwa miaka yote, hauachi kwa siku moja. Alikunywa dawa miezi saba zaidi.

MJUMBE WA KHERI

Ndugu yangu usikubali mtoto atiwe chuma mwilini. Kuna mzee anatumia mizizi, watu wanapona mishipa, njoo pm nikupe namba.

NESI WA ZAMU

Mizizi haifungui mshipa uliozaliwa umebana. Namba baki nayo.

MKULIMA WA KILOMBERO

Mjumbe, asante kwa nia. Nimeshajishika kinena mimi na nikamshika yeye, siwezi kujifanya sijui.

Sasa niseme linalonitesa kwa upande wa pili. Pesa. Mpunga wa msimu huu nimeuza wote na bado. Bima ninayo ya mtoto lakini dirishani nimeambiwa kifaa chenyewe "tutaangalia". Tutaangalia ni ndiyo au ni hapana?

NESI WA ZAMU

Tutaangalia ni hapana mpaka uiulize kwa maandishi. Bima mara nyingi inatenganisha huduma na kifaa. Kitanda, nusukaputi, kazi ya daktari hiyo ni huduma. Stenti na puto lake ni kifaa, na ndicho ghali. Mwombe daktari aandike barua yenye jina la kifaa na sababu ya kukihitaji, ipeleke bima, dai jibu lenye muhuri. Halafu nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo KABLA ya siku ya kulazwa. Watu wanaona aibu kwenda pale, wanasubiri wakati wa kuruhusiwa, bili imeshasoma, ndipo wanaanza kumtafuta afisa ustawi korido nzima. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Uliza pia kuhusu kambi. JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, toka ianzishwe 2015, imekuwa ikipokea timu za madaktari bingwa kutoka nje wanaofanya kazi na wenyeji, na timu hizo mara nyingi huja na vifaa. Wapo shirika la Save a Child's Heart wa Israel ambao watoto wengi wa Kitanzania walitibiwa kwao Holon, na baadhi ya wataalamu wetu walijifunzia huko. Mtoto wako hayuko kwenye hali ya kufa kesho, akinywa dawa zake za presha kungoja kambi ya mwezi mmoja si dhambi. Lakini daktari aseme hivyo, si mimi.

BIN LIKONI

Salamu kutoka Mombasa. Mpwa wangu alitiwa stenti Nairobi, ya mshipa wa mapafu lakini, alikuwa keshapasuliwa moyo akiwa mdogo na mshipa wa kwenda pafu la kushoto ukabaki mwembamba. Kazi yenyewe ilienda sawa, alhamdulillahi. Zile mbio za hospitali ya Mater, Mater Heart Run, mnazoziona watu wanavaa fulana, pesa zile ni za watoto kama hawa.

Lililotushinda sisi ni nauli. Kliniki ya mwezi wa kwanza tulienda. Ya miezi mitatu tulienda. Ya miezi sita mama yake akasema mwana mzima, anacheza mpira, twende kufanya nini? Tulipokuja kurudi ilikuwa mwaka na nusu, na ndani ya stenti pameota nyama, pafu lapata damu kidogo. Wakaipanua tena kwa puto, yuko sawa sasa. Lakini nakwambia ndugu, ile hesabu ya pesa unayoipiga, tia na nauli za kliniki humo humo, za miaka.

KIJANA WA UBUNGO

Nafuta kauli yangu ya kitimoto. Uzi umenifunza.

MAMA K WA TUNDUMA

Jamani samahanini naingilia. Mwanangu ana siku 16, tangu jana hanyonyi vizuri, anahema haraka na miguu ya baridi. Huku kuna baridi lakini mikono ina joto. Na yeye atawekewa hiyo stenti?

NESI WA ZAMU

Mama, funga simu, mbebe mtoto, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa SASA HIVI, usingoje asubuhi. Waambie maneno haya haya: mikono ya joto, miguu ya baridi, hanyonyi, anahema. Waombe wamshike mpigo wa kinenani na wampime oksijeni mkononi na mguuni. Ya stenti tutaongea baadaye.

DAKTARI WA BWENI

Naunga mkono. Sikia maneno ya Nesi, mama.

Kwa wengine mnaosoma: stenti ndogo zinazoingia kwa kichanga zilikuwa zile za mishipa ya moyo wa watu wazima, na hizo hazifunguki kufikia upana wa aota ya mtu mzima. Zikiwekwa huwa ni daraja tu la kumvusha mtoto aliye hoi, baadaye zinapasuliwa kwa puto la nguvu au zinatolewa kwa kisu. Ndiyo maana mwaka 2024 Marekani ilipoidhinisha stenti ya Minima, iliyotengenezwa kwa ajili ya vichanga na yenye uwezo wa kupanuliwa mpaka utu uzima, watu wa fani hii tulitumiana ujumbe usiku kucha. Kufika kwetu ni habari nyingine.

MAMA K WA TUNDUMA

Tuko hospitali ya mkoa. Amewekewa oksijeni na dripu, wanasema kesho tunapelekwa rufaa. Asanteni. Niombeeni.

MKULIMA WA KILOMBERO

MREJESHO.

Wakuu, nilipotea, nilikuwa wodini. Bima walijibu, wamelipa huduma na sehemu ya kifaa. Ustawi wa jamii walipunguza, kilichobaki ukoo umechanga, na mbuzi wawili wamekwenda.

Alianza kufunga kula usiku. Asubuhi akaingizwa saa mbili na dakika ishirini. Mimi na mama yake benchi la nje. Nilihesabu vigae vya ukuta ule, nikimaliza naanza upya. Saa tano kasoro daktari akatoka, bado amevaa ile aproni nzito ya risasi, akanionyesha picha kwenye simu yake. Kiuno cha nyigu hakuna tena, pale pana kitu kama dema la kuvulia samaki, jembamba, limenyooka. Akasema kabla ya stenti tofauti ya presha juu na chini ya mbano ilikuwa 44, baada ya stenti 4.

Kazi kubwa ikawa kumlaza. Kwa muda wa saa sita nzima mguu wa kulia usikunjwe. Kinenani kuna bandeji imekazwa, nesi anakuja kuangalia kama kuna damu. Mtoto ana njaa, ana kiu, anataka kukaa, ananiambia baba mguu unawaka. Nikadhani maumivu, nikamwita nesi. Nesi akamgusa unyayo akacheka: "Hauwaki, una joto. Hajauzoea." Halafu akatafuta kwa kidole juu ya wayo, kati ya kidole gumba na cha pili, akipanda kidogo. Akachukua kalamu akachora alama ya X pale mpigo unapogonga, ili wa zamu ya usiku asihangaike kuutafuta. Mguu wa pili vilevile. Nikaomba nishike. Nimeshika ile X pengine nusu saa.

Mama Wawili, Mungu akubariki. Usiku presha ilipanda 150, mke wangu akashtuka, nikamwambia tulia, nilishaambiwa.

CHAI YA RANGI

Nilikuwa naweka kambi tu, sasa nalia kwenye daladala.

FUNDI PLASTA

Hongera baba. Swali la kijinga: akipita mashine za uwanja wa ndege haitalia? Na MRI je, ile mashine ya picha yenye sumaku?

NESI WA ZAMU

Uwanja wa ndege hailii. MRI kwa platinamu kwa kawaida haina shida, lakini kadi ya stenti aliyopewa aende nayo kila kipimo, wao ndio waamue. Baba, kadi hiyo ipige picha, tuma kwa watu watatu. Siku ya kuipanua, mwenye kuipanua atataka kujua ni aina gani na urefu gani.

MKULIMA WA KILOMBERO

MREJESHO wa pili, wiki ya saba.

Kadi nimeshaipiga picha, na nakala iko kwa mwalimu mkuu. Anakunywa aspirini ndogo kila asubuhi mpaka itimie miezi sita. Dawa ya presha imepunguzwa kutoka vidonge viwili hadi nusu. Jana mkono 118, mguu 121. Mpaka hapo daktari alikataza rede na alikataza ndoo ya maji kichwani. Rede kalia, ndoo hajailalamikia hata kidogo.

Lile jino bado lipo. Nilirudi kituo cha afya, yule tabibu kijana alipotuona akaacha foleni. Amesema ndani ya miezi hii sita mtoto anatakiwa kumeza antibiotiki saa moja kabla ya kung'olewa, wadudu wa mdomoni wasije wakaenda kukaa kwenye stenti ambayo bado haijafunikwa na mwili. Kwa kuwa haliumi, tumekubaliana lingoje.

Mama K, wako vipi? Tuletee habari.

Na zile X zilifutika kwa maji ya kuoga wiki ya kwanza. Akazichora upya kwa bik ya bluu, anazirudia kila asubuhi kabla ya kuvaa soksi. Mwalimu wake kanipigia simu wiki iliyopita. Wakati wa mapumziko anavua viatu, watoto wanapanga foleni kushika, ubuyu mmoja kwa kila mguu.

MAMA K WA TUNDUMA

Baba, wangu alifanyiwa upasuaji Alhamisi. Ametolewa mashine ya kupumulia jana jioni. Leo asubuhi amenyonya.